Ua la Waridi, Ua wa Matofali

Ndugu waombolezaji mlioketi juu ya nyasi hizi, nanyi mliosimama kando ya shimo, familia imemtuma mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yao, awasomee safari ya dada yake, naye anaomba asikilizwe hadi mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa dereva wa lori na mshona mashuka. Alianza shule mwaka 1956, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, mwaka ambao uwanja pekee wa mtaa ulizungushiwa mabati, watoto wakahamia kucheza barabarani, na jambo hilo lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Mwaka 1967 alianza kushona sare za shule kwa cherehani ya kuazima, biashara ikashika, na wenzake waliponunua magari yeye alinunua ardhi tupu na kuitoa kwa umma, kwanza bonde lenye chemchemi mwaka 1979, kisha kilima chenye msitu mwaka 1988, na mwisho bustani hii mwaka 1996, hata watu wakamwita Mama Majani, wakimuuliza kwa utani mbuzi wake wako wapi.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1971 na mpima ardhi, mtu mpole aliyemtangulia mwaka 2009, wakajaliwa wana wawili, ambao ni wajenzi wa majumba, na binti mmoja, muuguzi, ambaye hakubanduka kitandani kwa mama yake.

Novemba mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, akarudishwa nyumbani, katika chumba kinachotazama bustani hii, na kutoka dirishani akaanza kuona vigingi vyenye utepe mwekundu, kimoja karibu na bembea, baadaye vingine penye mabenchi. Alipouliza, wanawe walimjibu kuwa ni mafundi wa maji, lakini mke wa mpima ardhi hadanganywi kwa kigingi, na tangu hapo chakula kikamshinda. Ndipo alipomshika mdogo wake mkono, binti yake akisikia, akasema: "Msinizike bustanini. Mtaanza kwa kuniwekea ua la waridi, mtamaliza kwa kunizungushia ua wa matofali."

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, alfajiri. Jumatano shimo hili lilikuwa limeshachimbwa, lango limewekwa kufuli jipya ambalo mtunza bustani hana ufunguo wake, na hapo pembeni mnaona nafasi za makaburi mengine zimekwisha kupimwa, ingawa familia haina mgonjwa mwingine.

Haya hayakuwemo katika karatasi aliyokabidhiwa msomaji, wapwa zake wanamkazia macho, naye anaogopa, hafichi, lakini wosia wa marehemu haufukiwi pamoja naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani walioleta viti na maturubai, mafundi cherehani wenzake waliofunga karakana tangu Jumanne, na wachimba kaburi, ambao wanaombwa mbele yenu nyote washike tena makoleo, walifukie shimo hili likiwa tupu, kisha tumbebe hadi makaburi ya umma, alikolala mumewe.

Pumzika kwa amani, dada, lakini si hapa.