Rangi Kwenye Jiwe la Mjusi

MAISIE: Haloo? Haloo! Nani huyo?

FERDIE: Ni mimi, dada. Ferdie. Hujambo?

MAISIE: Sijambo, mdogo wangu. Sauti yako inatoka kisimani. Huko Ascension hamna upepo leo?

FERDIE: Upo, tena unatembea na vumbi la— (mkwaruzo) —umenisikia?

MAISIE: Vumbi nimelisikia. Huku Saint Helena mvua tupu. Haya, Jumanne unapanda ndege?

FERDIE: Ndiyo.

MAISIE: Mbona "ndiyo" yenyewe nusu? Barua yako kwa Msimamizi wa kisiwa imejibiwa?

FERDIE: Imejibiwa. Mistari mitatu. Mkataba wa kazi ukiisha, na ruhusa ya kukaa imeisha. Kisiwa hiki hakina wenyeji, kina wafanyakazi tu.

MAISIE: Miaka thelathini na minne unawachujia maji ya bahari wakanywa!

FERDIE: Ndivyo nilivyomwambia yule diwani wetu. Akasema baraza linashauri tu, halikati neno. Gavana yuko huko kwenu, na Gavana naye anaambiwa na London.

MAISIE: Ulimtaja marehemu Averil?

FERDIE: Nilimtaja. Wamenipa pole. Pole imo katika ile mistari mitatu.

MAISIE: Bwana atakutia nguvu. Nimeomba tangu Kwaresima, Ferdie, hata magoti—

FERDIE: Najua, dada. Nami niliomba.

MAISIE: Wenzako wamekuagaje? Mlipika plo, ule wali wetu wa nyama?

FERDIE: Tulikula, tukacheka. Halafu wakanipakia garini wakanipeleka kwenye jiwe la mjusi.

MAISIE: Lile la kumwagia rangi? Si anamwagia yule asiyetaka kurudi tena?

FERDIE: Ndilo.

MAISIE: Ferdie. Hukumwaga.

FERDIE: Wote walikuwa wanapiga makofi. "Mwaga, mzee! Mwaga ukapumzike!" Wakanishikisha mkebe, rangi ya buluu. Mimi nimekwisha kuwapigia makofi wangapi, dada? Ningewaambiaje?

MAISIE: Ungewaambia mkeo kalala hapo makaburini!

FERDIE: Vijana wale wana mikataba ya miaka miwili. Hawakumjua Averil. Nikamwaga.

MAISIE: Ee Mungu wangu.

FERDIE: Wakanibeba juujuu.

MAISIE: Ni mchezo tu, mdogo wangu. Jiwe ni jiwe. Mungu hasomi rangi.

FERDIE: Asubuhi nilirudi na mafuta ya taa na brashi. Nikasugua.

MAISIE: Ikatoka?

FERDIE: Buluu ilitoka kidogo. Chini yake nyeupe. Chini ya nyeupe kijani, ya mwingine aliyeondoka. Nikasugua mpaka jua likanichoma shingo. Askari akapita, akaniuliza, "Mzee, umepoteza nini?"

MAISIE: Ukamjibuje?

FERDIE: Nikamsalimu.

MAISIE: Labda utarudi huko siku moja kumtembelea Averil. Wageni si wanaruhusiwa?

FERDIE: Awepo mkaazi wa kunidhamini, mwenye nyumba. Nyumba zote ni za kazi. Yangu wanachukua ufunguo Jumatatu. Halafu nauli, dada, na ndege yenyewe moja kwa mwezi. Na mimi nina miaka sitini na—

MAISIE: Usinitajie miaka, mimi mkubwa wako. (mkwaruzo) —nasema, nani atamsafishia kaburi?

FERDIE: Nimemwomba mama mmoja wa kanisani. Mkataba wake unaisha Novemba.

MAISIE: Na baada ya Novemba?

FERDIE: (mlio kwenye simu)

MAISIE: Ferdie? Upo?

FERDIE: Nipo. Kadi ya simu inalia, imebaki dakika moja.

MAISIE: Basi sikiliza upesi. Nimekutandikia chumba cha mama. Kitanda chake kile kile, shuka mpya.

FERDIE: Ni cha mtu mmoja?

MAISIE: Cha mtu mmoja, ndiyo.

FERDIE: Haya, dada. Kitanitosha.

MAISIE: Mungu akulinde angani, nami nitakuwa pale uwanja—

(Simu imekatika.)