Wingu Lililotoka Ziwani

Kwenye Hiace ya kutoka Musoma kwenda Bunda, mbele yangu alikaa msichana aitwaye Hilda, kamera mapajani, pamoja na mzee Gasper, mvuvi aliyekuwa ndiyo kwanza amefahamiana naye.

"Kwa hiyo umeacha ualimu ili upigage picha?" mzee aliuliza. "Siku hizi kila mtu ana simu. Nani atakuita?"

"Kesho napiga harusi Bunda, babu. Ndiyo ya kwanza. Baba hajaongea na mimi tangu niache kazi."

"Mimi niko upande wa baba yako."

Hata mimi nilikuwa upande huo, ingawa hakuna aliyeniuliza. Tulipopita Kiabakari, Hilda akawasha kamera akampa mzee aone picha. Nikachungulia bila aibu. Pichani, wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda kutoka majini kama moshi mweusi, nguzo nene iliyofika mawinguni, na chini yake mtumbwi mdogo kama punje ya mtama, na mtu mmoja ndani yake.



"Nilikuwaga ndani ya hii," mzee akasema taratibu. "Miaka yote. Tunaziba mdomo na shati, tunalalamika. Sikujuaga ni kubwa hivi."

"Bado uko upande wa baba?"

"Bado. Ualimu una pensheni." Lakini macho hakuyaondoa kwenye kioo.

Stendi ya Bunda watu wakaanza kushuka. Hilda akanyoosha mkono achukue kamera yake.

"Subiri," mzee akasema, akiisogeza karibu na uso. "Huyu wa kwenye mtumbwi, anajua kwamba ulimwona?"