Njumu za Protus

Celestine, aliyepewa nusu siku ya mapumziko na madam wake, alikaa mbele kwenye basi la kutoka mtaa wa Suwaidi, huko Uarabuni. Nyuma yake wanaume wawili Wakenya walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini, kama watu walio matangani, huku mfuko wa plastiki ukiwa katikati yao.

"Klabu nzima ilianza na hizi njumu, Lewis," alisema mwenye sare ya ulinzi. "Victor alianzisha raga kule nyuma ya maghala akiwa amezivaa. Alipopata exit ya kurudi nyumbani, akamwachia Josphat. Josphat akamwachia Protus. Anayekwenda nyumbani huacha njumu. Hiyo ndiyo sheria pekee tuliyowahi kufuata."

Celestine hakuwa na shaka na hilo la mwisho.

"Anayekwenda nyumbani hukaa kwenye kiti cha ndege, Morgan," alijibu Lewis. "Protus alisafirishwa na mizigo. Mamake aliomba kumbukumbu, kafili aliyemwajiri akatuma simu iliyopasuka kioo. Nikienda likizo nitampelekea hizi."

"Na timu je?"

"Timu gani? Ijumaa tulifika saba tu."

Mkono wa Morgan haukutoka kwenye mfuko.

Basi liliposimama mtaa wa Sulimaniyah, walishuka bado wakibishana, kila mmoja ameshika upande wake wa mfuko. Jozi moja ya njumu si mzigo wa watu wawili. Celestine aliwatazama dirishani wakienda polepole, wakilinganisha hatua, namna jeneza linavyobebwa.