Mhariri Aliyelikataa Neno "Hawajali"

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mhariri mkuu wa ripoti zetu za utafiti wa jamii anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Sisi tuliopita mikononi mwake tunamwita Mama Chujio, naye huitika bila kinyongo.

Alianza kama mpiga chapa katika chumba namba nne, kile chenye dirisha lisilofungika. Wiki ya kwanza tu alimrudishia mtafiti mwandamizi kurasa zake, akitaka kujua "familia duni" ina nini na imekosa nini. Mzee wa watu alifoka. Kesho yake akaleta idadi ya vyumba na vitanda.

Alipopewa uhariri, aliigawa kila ripoti sehemu mbili: Tuliyoyakuta na Tunayoyataka. Ya kwanza haina kusifu wala kulaumu. Ya pili, sema utakavyo, ila uandike jina lako. Basi hukumu zetu zikapungua kama wageni wakati wa kuosha vyombo!

Miaka tisa iliyopita nilitumwa kwenye shule ya msingi iliyokuwa karibu kufungwa kwa sababu ya utoro. Nikaandika, kwa mbwembwe zangu zote, kwamba wazazi wa pale hawajali elimu. Mama Chujio akapiga mstari, akauliza pembeni kama nimewakuta hawajali, au nimekuta watoto hawapo. Mkurugenzi aliitaka ripoti jioni ile ile. Mama akakataa katakata kuipitisha. Nikarudi nyumba kwa nyumba, uso umenishuka. Kumbe watoto walikosa Jumanne na Alhamisi tu, asubuhi bomba la mtaa linapofunguliwa. Wazazi wako kazini, wao wako kwenye foleni na ndoo.

Wakubwa wakasema sasa takwimu zijiamulie. Mama akawajibu kwamba takwimu haziamui kitu, wanaoamua ni watu. Akaandika chini ya Tunayoyataka: shule isifungwe, saa za maji zibadilishwe. Akatia jina lake, peke yake, mbele ya mkurugenzi aliyenuna. La pili lilikuwa langu.

Maji ya mtaa ule sasa hufunguliwa jioni. Mwaka huu shule imeandikisha watoto hamsini na wanne darasa la kwanza.

Ahsante, mama yetu, kwa kutukatalia. Nenda salama, afya ikushike mkono, na wajukuu wakuchoshe kwa raha.