Febronia na Chembe Zisizokuwa Zangu

Abuna Bishoi, padri wetu, wafiwa na majirani, mimi Irini, dada yake mkubwa, ninawasomea maisha ya Febronia Wissa Tadros, aliyezaliwa hapa Akhmim tarehe 14 Aprili 1970, akasoma shule ya msingi ya wasichana, kisha ya ufundi hadi 1988, na mwaka uliofuata akaingia karakana ya kufuma, alikokaa miaka thelathini na minne, mkali kwa uzi uliokosewa na mcheshi kwa kila kitu kingine.

Tarehe 24 Septemba 1995 alifunga ndoa na Nagi Bushra, fundi seremala, wakajaliwa Verena, 1998, na Kirollos, 2001.

Mwaka 2019 picha ya matiti yangu ilionyesha chembe nyeupe za kalsiamu, nikarudi kila miezi sita nilivyoagizwa, hazikubadilika, nikaambiwa hazina madhara. Tarehe 6 Novemba 2021 picha yake nayo ilionyesha chembe, lakini zake zilikuwa ndogo mno, za maumbo tofauti, zimesongamana mahali pamoja, na daktari akataka picha za kukuza na kipande cha nyama kwa sindano, akieleza kwamba nyingi huwa salama ila hizi haziwezi kujulikana kwa macho. Febronia alicheka, akaniambia, "Dada, tumenyonya ziwa moja, zako ndizo zangu," nami, niliyejua kwamba zake si kama zangu, nikamjibu, "Haya, harusi ya Verena ipite kwanza."

Harusi ilipita Januari 2022, hospitali ikapiga simu mara mbili, hakwenda, nami sikumsukuma. Februari 2023 aligusa uvimbe, Aprili akapasuliwa hospitalini Asyut, akatundikiwa dawa za saratani, nywele zikaisha, na mwaka jana ugonjwa ukaingia mifupani, hata kugeuzwa kitandani akawa anauma shuka. Aliniagiza nisifiche chochote leo. Alifariki tarehe 3 Machi 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nagi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Asyut, majirani waliotupikia miezi yote hiyo, na wafumaji wenzake waliomwosha na kumvisha.

Alhamisi hii Verena, aliyeketi pale mbele, atapigwa picha yake ya kwanza, kwa kuwa daktari amesema mabinti wasingoje, nami nitakwenda naye, na hatutaondoka hadi tusomewe majibu, yake mwenyewe.

Pumzika, mdogo wangu, na amani ikukalie.