Maisha ya Mzee Chumvi, Mlezi wa Chaza na Matumbawe

Waombolezaji wapendwa, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mtu ambaye Jumanne asubuhi alitoka nyumbani akipiga mluzi na chakula chake cha mchana mkononi, na leo Jumamosi tumesimama hapa mbele ya jeneza lake, wala hakuna mmoja wetu ambaye ulimi wake umekubali kumwita marehemu.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964, katika chumba cha pili cha nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi wa kutengeneza cherehani na mfua nguo wa hospitali. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, akaendelea na sekondari hadi 1982, ambako kwa maneno yake mwenyewe kemia ilimpiga chenga, kisha mwaka 1984 akaenda kusomea ufundi bomba kwa miaka miwili.

Tarehe 3 Februari 1991 aliajiriwa kuwa fundi bomba katika jumba la maonyesho ya viumbe wa bahari, jumba lililo mbali kabisa na bahari, ambalo maji yake huchanganywa kwa chumvi ya magunia, na kwa kuwa magunia hayo yalimshinda kila mtu isipokuwa yeye, wenzake wakambandika jina la Mzee Chumvi akiwa na miaka ishirini na sita tu.

Mwaka 1998 alikabidhiwa tangi kubwa, na akakuta samaki wakifa mmoja mmoja, kwa sababu kinyesi chao na mabaki ya chakula vikioza huacha naitreti, uchafu usioonekana kwa macho, na dawa pekee iliyojulikana pale ilikuwa kumwaga maji na kuweka mengine kila wiki. Yeye ndiye aliyegundua kwamba tangi dogo la kona, lenye chaza na matumbawe hai, lililosahauliwa na kila mtu, kila akilipima kikombe cha kipimo kinabaki njano, dalili ya maji safi, ilhali cha tangi kubwa ni chekundu kama damu. Akahamishia tangi kubwa chaza wanne na matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya shati, akieleza kwamba ndani ya miili yao unaishi mwani mdogo sana unaokula naitreti, wao wanakua na maji yanatakata, naye akiyapunguza matumbawe kwa kisu, ndani ya maji baridi, anakuwa ameutoa uchafu wenyewe. Mtunza stoo alimuuliza kama wale konokono wake wameajiriwa kwa mkataba au ni vibarua, naye akajibu kwamba ni vibarua, lakini hawachelewi kazini kama wengine, na baada ya miezi kumi na minne kikombe cha tangi kubwa nacho kikawa njano.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa watoto watatu, mvulana mmoja na wasichana wawili, ambao walizoea kulalamika kwamba chaza wanasalimiwa kabla yao, maana kila siku, hata za mapumziko, aliwapitia na kuwapitishia kivuli cha kiganja juu ya maji, na chaza aliyefunga gamba lake upesi alisifiwa kuwa mzima.

Sasa tunafika pale ambapo hatujui tusome kwa sauti gani. Jumatatu tarehe 16 Oktoba 2023, meneja mpya, aliyeleta mashine ya kuchuja, aliagiza tangi kubwa liondolewe viumbe na mawe yake yang'arishwe, tayari kwa wageni wa Ijumaa. Mzee Chumvi aliomba kwa barua apewe wiki mbili, ayatoe matumbawe yaliyoota juu ya mawe hayo taratibu kwa maji baridi kama alivyofanya siku zote, akajibiwa kwa simu kwamba ana siku mbili. Kwa hiyo Jumanne saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini na mitano, akamwagia mawe maji ya moto na kuyasugua kwa brashi. Hakujua, wala sisi hatukujua, kwamba vile vifungo alivyovishika kwa mikono mitupu miaka yote hiyo vina sumu, na ukivichemsha sumu hiyo hupanda na mvuke. Saa sita alisema mdomo una ladha ya chuma, wenzake wakamtania kwamba anatafuta likizo, saa kumi alikuwa hawezi kupumua, na Alhamisi tarehe 19 Oktoba, saa tano na dakika ishirini asubuhi, alifariki.

Jana mwakilishi wa ofisi alifika nyumbani, akatuomba kwa upole mkubwa tusome tu kwamba aliugua ghafla, kwani uchunguzi unaendelea. Mjane alimgeukia binti yake wa mwisho, aliyeshika karatasi hii, akasema, "Soma yote, mwanangu. Mama wa usafi wa pale kazini ameshapangiwa Jumatatu amalizie mawe."

Tumesoma yote.

Tunamshukuru daktari wa chumba cha wagonjwa mahututi, aliyekuwa wa kwanza kuuliza mzee alishika nini siku ile wakati wengine wanatibu homa, tunawashukuru wauguzi, tunawashukuru majirani waliotupikia na kutulalia sebuleni. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, na kipekee wewe, mama wa usafi, uliyemtoa nje kwa kumbeba mgongoni, tunakuomba mbele ya umati huu wote na mbele ya meneja aliyeketi safu ya pili, yamebaki mawe kumi na manane katika karai, usiyaguse, na atakayekuagiza muulize kwanza kama ataingia nawe.

Baba, umefanya kazi ya kutosha, pumzika kwa amani.