Tyubu Isiyoisha

Kijiwe hiki kina benchi moja lililoegemea ukuta wa kinyozi, jiko la mkaa, birika la kahawa na sheria moja: kitu kikishafika hapa ni cha wote. Gazeti akinunua mmoja linasomwa na wote mpaka linachanika. Kiberiti hivyo hivyo. Hata kikohozi. Kwa hiyo Wembe, kinyozi mwenyewe, alipotoka duka la dawa na tyubu ya kupaka fangasi, asubuhi haikuisha ikawa ya kijiwe. Ikapewa makazi ndani ya kopo la tangawizi la Shangazi, muuza kahawa, na kila aliyewashwa mahali akajua pa kuikuta. Taulo la kujifutia mikono nalo ni moja, linaning'inia kwenye msumari, na kama ulivyokisia, ni la Wembe.

Leo Wembe amekaa pembeni, shati la mikono mirefu kafunga vifungo vyote na jua linachoma. Chini ya shati, kwenye mkono wa kulia, fangasi wamerudi: duara lenye ukingo wa magamba, kubwa kuliko la mwanzo. Hilo angelivumilia. Ila bintiye kajifungua, mjukuu wa kwanza, na kamwambia kwa adabu zote, "Baba, utambeba ukipona." Tangu hapo Wembe ananyoa vichwa vya watu huku roho yake iko kwa mtoto ambaye hata uzito wake haujui. Inamuuma, na hafichi kwamba inamuuma.

— Uliacha lini kupaka? akauliza Breki, dereva mstaafu ambaye bado anashika kikombe kama usukani.

— Mwasho ulipokoma.

— Safi kabisa. Dawa inaachwa ikiwa bado inaheshimiwa. Ukiendelea kupaka na huwashwi, ngozi inakuona mwoga.

Wembe akapiga funda la kahawa. Yule dada wa duka la dawa alimwambia kinyume chake: mwasho ukiisha usiache, fangasi bado wapo, maliza muda wote niliokupangia. Naye alikuwa akiitikia "sawa, sawa" macho yako mlangoni, maana nyuma yake walipanga foleni wateja wake wa kunyoa, na hakuna kinyozi anayependa kuonekana na dawa ya fangasi mkononi.

— Tatizo lako unapaka kidogo, akasema Soli, fundi viatu. Paka nene kama rangi ya kiatu, kisha funga nailoni. Wanyime hewa. Mimi vidole vya miguu nilivifunga hivyo siku moja tu.

— Vikapona?

— Vilinyamaza.

— Vikinyamaza si ndiyo vimepona?

— Kwa mguu, ndiyo. Mguu hauna maneno mengi.

Osha, kausha kabisa, paka safu nyembamba mpaka uvuke kidogo ukingo wa duara, acha wazi, kisha nawa mikono. Wembe alishangaa kumbe maneno ya yule dada yalikuwa yamemwingia. Akayasukuma chini kwa kahawa.

— Nyote mnachezea tu, akasema Breki. Mimi niliichanganya na krimu ya uso ya mke wangu, ile inayozima wekundu siku hiyo hiyo.

— Mkeo anajua?

— Anajua kwamba krimu inapungua.

— Na wekundu?

— Ulizimika siku hiyo hiyo. Halafu ukatokea mgongoni, mkubwa zaidi. Lakini mgongoni siuoni, kwa hiyo hatusumbuani.

Shangazi akacheka huku akijikuna shingo kwa mpini wa kijiko.

— Mwacheni kinyozi wangu, akasema. Mimi nasema tyubu hii ina baraka zake. Nyote mmeipaka, mimi nimeipaka, na tazameni, haiishi.

Akaitoa kwenye kopo, akaipitisha mbele yao. Ilikuwa bado imenenepa. Benchi zima likaitazama kwa heshima.

— Hawa wa Wembe si fangasi wa kawaida, Soli akaendelea, sasa kashapata moto. Hawa wametoka kwenye mashine ya kunyolea. Ule mtetemo unawaamsha, wanadhani ni sherehe.

— Basi sherehe ifungwe, akasema Breki. Nina maji ya betri kwenye sanduku langu la vifaa. Tone moja tu katikati ya duara. Kama yanaondoa kutu kwenye chuma, hiyo ngozi ni nini?

— Yataunguza, akasema Shangazi.

— Kidogo. Wiki ijayo anabeba mjukuu.

Hapo ndipo walipompata. Wembe alijua ni upuuzi, si mjinga. Lakini neno "mjukuu" lilimfungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akakunja mkono, akaunyoosha juu ya benchi. Breki akaja na kichupa, akaanza kukizungusha kifuniko.

— Shikamoo, Baba.

Bintiye alikuwa amesimama nyuma yao, mtoto kifuani, kafunikwa kichwa asipigwe na jua. Alikuwa anatoka kliniki, kaona apite babu amwone japo kwa mbali. Benchi likasimama lote kwa furaha. Soli akajifuta mikono kwenye taulo, akainyoosha kumpokea mtoto. Binti akarudi hatua moja. Akaitazama mikono ya Soli, taulo, shingo ya Shangazi, Breki aliyekuwa anajisugua mgongo kwenye ukuta, kisha tyubu.

— Hiyo dawa ni ya nani?

— Ya wote, wakajibu kwa fahari.

— Inasaidia?

— Mno.

— Mbona haiishi? Au hakuna aliyewahi kuipaka mpaka mwisho wa muda wake?

Breki akazidi kusugua mgongo ukutani. Soli akatazama viatu vya watu. 

— Kaa mbali naye, Soli, akasema Wembe. Hata mimi simgusi.

Akalitoa taulo kwenye msumari, akalitumbukiza ndani ya beseni.

— Shangazi, nimiminie hayo maji ya moto.

— Ni ya kahawa hayo, Wembe.

— Najua.

Shangazi akainua birika, akamimina yote. Wembe akaichukua tyubu, akairusha kwenye pipa la taka, akashika njia ya duka la dawa. Bintiye alitembea kando yake, naye Wembe aliweka mikono mfukoni safari nzima, akigeuza shingo kila mara kutazama kile kiuso kidogo kilicholala.

— Wembe, Breki akaita kwa nyuma, ukinunua mpya, kopo ni lile lile.

Hakugeuka. Dukani kulikuwa na foleni, na ndani ya foleni wateja wake, mmoja kamnyoa asubuhi ile ile. Zamu yake ilipofika akauweka mkono juu ya kaunta, duara limetazama juu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni:

— Dada, ni fangasi, na wamerudi. Nirudie yale maelezo yote tangu mwanzo. Ile siku sikuwa nakusikiliza.